Mashine ya kuchana mbao ikija shambani, inamlipa nani?

Katika vijiji vya mipaina, kuanzia Mufindi kwenda Njombe mpaka Makete, kuna hesabu moja inayozunguka sana. Dalali ananunua mti ukiwa umesimama kwa shilingi 5,000. Mti huo ukichanwa unatoa mbao tano za 2x4 (inchi 2 kwa inchi 4), na ubao mmoja pale barabarani ni 4,500. Mwenye shamba anaona 17,500 zinaondoka na dalali kwa kila mti, anazidisha kwa miti 400 ya ekari yake, anapata milioni 7, na jioni hiyo hiyo anaanza kuulizia bei ya mashine.

Hesabu hiyo si ya uongo, ila imeruka mistari mingi. Hapa najaza mistari iliyorukwa. Bei zote nitakazotaja ni za mfano, kwa sababu bei ya mbao na ya mafuta haitulii; zitoe uweke za kijijini kwako. Vipimo vya ujazo ndivyo vya kushika, maana soko haliwezi kuvibadilisha.

Pima kwa mita za ujazo, acha kuhesabu miti

Ubao wa futi 12 una mita 3.66. Gogo likatwe mita 3.7 ili ibaki nafasi ya kusawazisha ncha. Anayekadiria kwa jicho akakata 3.6 amepungukiwa karibu sentimita sita: mnunuzi mkali ataupima ubao na kuulipia kama wa futi 10.

Kupata ujazo wa gogo, zungusha kamba katikati yake, pima mzingo kwa mita, zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, kisha gawanya kwa 12.57. Gogo la mita 3.7 lenye mzingo wa sentimita 69 lina mita za ujazo 0.14. Upande wa mbao, 2x4 ya futi 12 ina 0.0189, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mbao 53. 1x8 ni 53 vilevile, 2x6 ni 35, na 2x2 ni 106. Namba hizi zinatosha kumbana mchanaji yeyote.

Sasa chukua gogo hilo la 0.14. Upande mwembamba una kipenyo cha sentimita 20. Ndani ya duara la 20 zinaingia 2x4 tatu zilizolala moja juu ya nyingine, basi. Mbao tatu ni 0.057, yaani asilimia 40 ya gogo. Lakini pembeni, kila upande, kuna banzi nene lenye uwezo wa kutoa 1x4 moja nzima. Mchanaji akizitoa hizo mbili, anafika asilimia 54. Asipozitoa, zinaenda kuchomea matofali. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya fundi na fundi, na haihusiani na aina ya mashine: ni suala la mtu kuligeuza gogo mara mbili zaidi badala ya kuvuta lingine.

Kwa ekari nzima usitegemee 54. Yapo magogo yaliyopinda, yapo ya juu ya mti yenye kipenyo cha 14 au 15, na yapo yaliyovunjika wakati wa kuangusha. Mimi napigia hesabu asilimia 45, na nikiambiwa 60 kwa miti ya miaka 12 nauliza walipimaje gogo.

Unene wa mkato

Dingdong, ile meza ya chuma yenye msumeno wa duara na injini ya dizeli ya silinda moja, inakula kama milimita 7 kila inapopita. Bledi ya mashine ya bendi, ambayo msumeno wake ni utepe mwembamba unaozunguka kama mkanda, inakula milimita 2 hadi 2.5. Ya Lucas Mill, mashine ya Kiaustralia ambayo msumeno wake unageuka nyuzi 90 na kuchana gogo pale lilipoangukia, iko katikati, kama milimita 5. Chensoo ni milimita 9 au zaidi, ndiyo maana inastahili kubaki kwenye kuangusha na kukata vipande.

Wauza mashine za bendi huishia hapo: mkato mwembamba, mbao nyingi. Ukweli unategemea unachochana. Lile gogo la sentimita 20 linatoa 2x4 tatu kwa dingdong na tatu kwa bendi, kwa sababu mikato ni miwili tu na nafasi inatosha. Lakini chukua gogo lenye upande mwembamba wa sentimita 24 na uchane 1x6. Dingdong inatoa tano, bendi inatoa sita. Hapo umepata asilimia 20 zaidi kwa mti uleule. Kwa hiyo kama wateja wako ni wa kenchi za paa, wanaotaka 2x4 na 2x2, usilipie sana wembamba wa mkato. Kama ni wa samani na vibao vya inchi moja, ulipie.

Faida ya bendi ambayo haitajwi sana ni unene ulio sawa. Kwenye dingdong gogo linasukumwa kwa mikono ya watu wawili, na ubao unaweza kuanza na inchi 2 ukaishia na moja na robo tatu. Mnunuzi wa mjini anapima upande mwembamba.

Mashine ikilala inakula

Tuseme mashine ya bendi ya kuhamishika ni milioni 32 ikiwa imefika. Utaitumia miaka 8 na kuiuza milioni 8, kwa hiyo kuchakaa ni milioni 3 kwa mwaka. Wastani wa hela iliyofungwa ndani yake ni milioni 20, na mkopo wa asilimia 18 unataka milioni 3.6. Jumla ni milioni 6.6 kwa mwaka kabla injini haijawashwa. Hata kama hukukopa, hesabu hiyo riba. Hela hiyo ingekuwa inafanya kazi nyingine.

Siku mashine inapofanya kazi, weka petroli lita 24 kwa 3,000, ambayo ni 72,000. Fundi 25,000 na vibarua watatu kwa 12,000, jumla 61,000. Bledi, kunoa pamoja na kuchakaa, 50,000. Oili, mikanda na beringi 15,000. Hiyo ni 198,000 kwa siku. Kikosi cha watu wanne waliozoea, kwa magogo madogo, kinapitisha mita za ujazo 6, yaani magogo 43, gogo moja kila dakika 11. Kwa asilimia 45 inatoka mita 2.7 za mbao, sawa na 2x4 143.

Ukifanya kazi siku 150 kwa mwaka, gharama ya kudumu inagawanyika kuwa 44,000 kwa siku. Jumla 242,000, na kuchana ubao mmoja kunakugharimu kama 1,690. Ukifanya siku 60, gharama ya kudumu inakuwa 110,000 na ubao unafika 2,150. Ukifanya siku 15, ni 440,000, na ubao mmoja umekula 4,460 wakati unauzwa 4,500. (Mashine inayofanya kazi kidogo huchakaa polepole, ni kweli, lakini riba haijui hilo.)

Siku 15 sikuziokota hewani. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ilianza na miti 450. Ikibaki 400, na kila mti ukatoa mita 0.22 za magogo ya kuchanwa, ni mita 88. Gawanya kwa 6: ni siku 15. Ekari moja ya mpaina inailisha mashine wiki mbili na kidogo, halafu inaiacha na njaa mpaka miti mingine ikue. Kuijazia siku 150 unahitaji ekari 10 kila mwaka, na kama unavuna kwa mzunguko wa miaka 12, ni ekari 120 zilizopandwa kwa zamu. Na hizo siku 150 zenyewe hazipatikani kirahisi: mvua za Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei zinafunga barabara nyingi za kuingia mashambani, na injini nayo ina siku zake za kugoma.

Ndiyo sababu dingdong imeenea, na wanaoilaumu kwa upotevu wangeitazama kwa jicho hili pia. Ukiinunua milioni 7, ukaitumia miaka 5 na kuiuza milioni 1, gharama ya kudumu ni milioni 1.92 kwa mwaka, chini ya theluthi ya ile ya bendi. Inapolala, inakula kidogo. Kwa mtu mwenye kazi za kuokoteza, siku 40 huku na 20 kule, kupoteza vumbi la milimita 7 kuna nafuu kuliko kulipia chuma kinachosubiri.

Kinachobaki ni kwamba mwenye ekari mbili tatu hana sababu ya kununua. Anunue mwenye kazi ya kuchanisha kwa wengine, au kikundi chenye mashamba ya kutosha na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupanga zamu. Wewe kodi.

Ekari moja, kutoka mti mpaka hela mkononi

Mita 88 kwa asilimia 45 ni mita 39.6, ambazo ni 2x4 kama 2,100. Kwa 4,500 ni milioni 9.45. Toa sasa.

Kuangusha, kukata vipande na kusogeza magogo hadi kwenye mashine, 10,000 kwa mita: 880,000. Kuchana kwa kukodi, 2,200 kwa ubao: 4,620,000. Kubeba mbao hadi barabarani, 200 kwa ubao: 420,000. Ushuru, vibali na barua: weka 500,000. Jumla 6,420,000. Unabaki na 3,030,000.

Kwa dalali miti 400 ilikuwa milioni 2. Kwa hiyo umepata milioni moja na kidogo, siyo saba. Na hiyo ni pale kila ubao umekubaliwa. Asilimia 10 zikikataliwa kwa kupinda, kuwa nyembamba au kuwa na ganda, unapoteza 945,000 na unabaki na 2,085,000, karibu sawasawa na ya dalali, baada ya wiki tatu za kusimamia watu. Dalali hakuwa anakula 17,500 kwa mti. Alikuwa anakula kitu kidogo zaidi, na alikuwa anabeba hatari ya mbao mbovu.

Jambo la pili ni mtaji. Zile milioni sita na zaidi zinatakiwa kabla hujauza hata ubao mmoja, na hapa ndipo wengi wanapokwama katikati, magogo yakiwa tayari chini. Wachanaji wengine wanakubali kulipwa kwa mbao, nusu kwa nusu. Kwa mfano huu nusu ni mbao 1,050, zenye thamani ya 4,725,000. Karibu sawa na kulipa taslimu. Si wizi, kama unauza mbichi. Ukiwa na mpango wa kukausha na kuuza ghali, nusu hiyo ni ghali sana, kwa sababu unampa mchanaji mbao kwa bei ya leo wakati thamani yake ni ya miezi miwili ijayo.

Kukausha

Hapa ndipo hela ilipo, na ndipo inapoachwa.

Mbao mbichi ya mpaina ina uzito wa kama kilo 900 kwa mita ya ujazo. Ikikauka kwa hewa ni kama 480. Ubao mmoja wa 2x4 unashuka kutoka kilo 17 hadi 9. Lori la tani 10 likipakia mbichi kihalali linabeba mbao kama 590. Likipakia kavu linabeba 1,100. Kama lori la kwenda Dar es Salaam ni milioni 1.5, ubao mbichi umesafiri kwa 2,540 na mkavu kwa 1,360. Tofauti ni karibu 1,200 kwa ubao. Nusu ya mzigo wa mwanzo yalikuwa maji, na maji hayo yamelipiwa nauli. Mnunuzi anayejua kazi yake yuko tayari kukupa sehemu ya tofauti hiyo, na ndiyo hoja ya kumwekea mezani.

Tuseme anakupa 1,000 zaidi, yaani 5,500. Kupanga na kukausha weka 250 kwa ubao, 525,000. Asilimia 5 zikaharibika, zinabaki 1,995, ambazo ni 10,972,500. Toa gharama zote 6,945,000: unabaki na 4,027,500. Hela kusubiri miezi miwili kwa riba ileile ya 18 ni kama 280,000. Bado una milioni 3.7 na zaidi, dhidi ya 3.03 za kuuza mbichi na 2 za kuuza miti. Hakuna badiliko la mashine litakalokupa nyongeza hiyo kwa gharama ya vijiti na mabati chakavu.

Rundo lipangwe hivi. Chagua mahali penye upepo, pasipotuama maji, na uweke misingi yenye urefu wa sentimita 40 kutoka ardhini, iliyosawazishwa kwa uzi. Vijiti vya kutenganisha vichanwe kutoka kwenye mabanzi, inchi moja kwa inchi moja, vyote unene mmoja, na viwe vikavu. Kijiti kibichi kinaacha alama kwenye ubao. Ubao wa futi 12 unataka vijiti saba, kimoja kila sentimita 60, viwili vikiwa kwenye ncha kabisa. Kijiti cha safu ya pili kikae juu kabisa ya kijiti cha safu ya kwanza, hivyo hivyo mpaka juu. Vikipishana, uzito unabonyeza ubao katikati ya hewa na unakauka ukiwa umepinda, na ukishakauka hivyo haunyooki tena. Upepo uingie ubavuni mwa rundo. Safu za chini na katikati ziwekwe mbao za moyo wa mti, kwa sababu miti michanga ina nyuzi zinazozunguka karibu na moyo na mbao hizo ndizo zinazojikunja. Uzito wa juu unazishika. Juu weka mabati yanayozidi ukingo, kisha mawe au magogo.

Kwa kiangazi inchi moja inakauka kwa wiki nne hadi sita, inchi mbili kwa miezi miwili hadi mitatu. Usikisie. Chagua ubao mmoja wa katikati ya rundo, uweke mahali unapoweza kuuchomoa, uupime kwa mizani kila wiki. Wiki mbili mfululizo ukikuta uzito uleule, rundo limekauka.

Adui wa kwanza ni ukungu wa bluu. Hauli nguvu ya ubao kwa kiasi cha kutisha, ila mnunuzi akiuona anashusha bei, na ana haki. Unaingia gogo likikaa chini muda mrefu au mbao mbichi zikibanwa pamoja bila vijiti. Kiangazi chana ndani ya wiki mbili tangu mti uanguke. Wakati wa mvua, wiki moja. Mbao zilizochanwa leo zipangwe leo. Kulaza mbichi zikiwa zimebanana siku mbili, eti vibarua wa kupanga wanakuja Jumatatu, kunatosha kuanzisha bluu.

Milingoti (mikaratusi) ina tabia nyingine kabisa. Mti una mvutano ndani yake, na ukichana upande mmoja tu mfululizo gogo linajikunja kama upinde na kila ubao unatoka na unene wake. Toa ubao upande huu, geuza, toa upande wa pili, geuza. Ncha zipakwe rangi nzito au nta siku ileile ya kukata, la sivyo zinapasuka. Milingoti michanga kwa kawaida inalipa zaidi ikiuzwa nguzo.

Bledi

Kwa mashine ya bendi, hasara nyingi za siku zinaanzia kwenye bledi ya elfu 100. Ya kawaida kwa mpaina ina upana wa milimita 32 hadi 38, unene wa karibu milimita 1.1, meno yaliyoachana milimita 22, na pembe ya jino ya nyuzi 10. Ifanye kazi saa moja na nusu hadi mbili, kisha iteremshwe ikapumzike na kunolewa. Anayeilazimisha hadi saa nne hajaokoa chochote: makali yakiisha fundi anasukuma, bledi inapata joto, inaanza kupanda na kushuka ndani ya gogo, na mbao zinatoka na mawimbi. Mawimbi ya milimita 5 kwenye 1x6 yameua ubao.

Ukiona mawimbi, usikimbilie kulaumu mashine. Angalia kwanza ukali, halafu mkazo wa bledi, halafu kama meno yamepanuliwa sawa kulia na kushoto. Upande mmoja ukipanuka zaidi, bledi inavuta kuelekea huko kila ubao. Mpaina una utomvu unaoganda kwenye bledi na magurudumu. Maji yenye sabuni kidogo yadondoke muda wote mashine inapochana. Bledi zinazokatika baada ya kunolewa mara mbili tatu kwa kawaida zimenolewa ncha ya jino pekee, chini ya jino pakaachwa na nyufa ndogo. Jiwe lipite mpaka bondeni kwa jino.

Kinachoua bledi kuliko vyote ni udongo. Gogo lililoburuzwa kwenye udongo mwekundu lina mchanga ndani ya magamba, na jino linakufa kwa gogo moja au mawili. Beba badala ya kuburuza, au inua kichwa cha gogo wakati wa kuvuta, na magamba yamenywe kwa panga upande ambao bledi inaingilia. Kibarua mmoja wa kumenya, 12,000 kwa siku, anarudisha hela yake kwenye bledi na petroli.

Reli ya mashine isawazishwe kwa pimamaji na uzi kabla ya gogo la kwanza, na irudiwe baada ya magogo kama kumi, kwa sababu udongo laini unashuka. Reli iliyojinyonga inatoa mbao zilizo nene upande mmoja, na unaweza kumaliza siku nzima ukitafuta kosa kwenye bledi.

Kwa dingdong nitasema moja tu: isiwe na kazi kwako kama haina kisu cha nyuma ya msumeno na kifuniko cha mkanda. Bila kisu hicho ubao unajifunga kwenye msumeno na kurushwa kwa aliyesimama mbele.

Kukodi bila ugomvi

Kuhamisha mashine kunaweza kuwa 200,000 kwa safari. Ukiileta kwa kazi ya siku mbili, mbao 286, umeongeza 700 kwa kila ubao. Kwa siku 15 ni kama 93. Kwa hiyo kabla ya kuita mashine, zungumza na majirani wenye miti iliyokomaa mvune msimu mmoja, mashine ihame kwa mita mia mbili badala ya kilomita 30. Majirani wakikataa kuvuna mapema, waacheni. Miti ya miaka 8 inatoa 2x2 na kuni, na kila mwaka unaoongezwa hapo unaongeza unene pale pale bei inapobadilika.

Malipo kwa siku yanamfanya mchanaji apumzike. Malipo kwa kila ubao unaotoka yanamfanya aharakishe na kuacha 1x4 kwenye mabanzi. Mpango unaofanya kazi vizuri ni wa kulipa kwa ubao uliokubaliwa, ukipimwa jioni mbele ya wote wawili kwenye sehemu tatu, ncha mbili na katikati, huku 1x4 za pembeni zikiwa na bei yake ndogo ya kuchana ili awe na hamu ya kuzitoa. Andikeni pia nani ananunua mafuta, nani analipa bledi ikigonga msumari au waya wa fensi uliomezwa na mti (kwa kawaida mwenye miti), na mabanzi ni ya nani. Usipoyataja, jioni ya kwanza utakuta yamepakiwa. Kwa mita 88 za magogo, mita 48 zinabaki kuwa mabanzi na maranda. Wachoma matofali wananunua mabanzi, wafugaji wa kuku wananunua maranda makavu. Yasiachwe ndani ya shamba lenye miti iliyobaki, hasa kati ya Julai na Oktoba moto unapotembea milimani.

Barua ya serikali ya kijiji, risiti ya ushuru wa halmashauri na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) zianze kufuatiliwa rundo likiwa na wiki mbili za kukauka zilizobaki, na idadi ya mbao kwenye hati ilingane na iliyo ndani ya lori kwa kila kipimo. Ukibadilisha mzigo dakika ya mwisho, ukatoa 2x4 ukaweka 2x6, rekebisha hati kwanza; lori lililozuiwa kwenye kizuizi linatoza kwa siku, na bei hiyo mwenye lori hakuitaja wakati mnapatana.